Zilipendwa na Nani?

Neno zilipendwa lina hila ndani yake: latuambia kwamba nyimbo zilipendwa, wala halisemi na nani. Wazee wetu wasikiapo gitaa la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, husema redio ya siku hizi imeharibika. Je, wasema kweli? Kumbukumbu hupepeta. Makapi ya miaka ya 1970 yamekwisha kupeperuka, nasi twalinganisha punje zilizosalia na gunia zima la leo. Hapo hapana haki.

Hata hivyo, malalamiko hayo yana kiini. Kabla ya sheria ya 1993 kuruhusu redio za watu binafsi, mawimbi ya Bara yalikuwa mikononi mwa serikali, na Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi katika studio yake. Mwalimu wa Bukoba na mvuvi wa Mtwara waliweza kuusikia wimbo mmoja saa ile ile. (Bendi iliyokataliwa studioni, bila shaka, haizikumbuki siku hizo kwa furaha.) Twaona basi kwamba kinacholiliwa si gitaa, bali kule kusikiliza pamoja, nako kulizaliwa na uchache wa redio, si ubora wa nyimbo. Kijana wa leo hakukuvunja. Alikuta kumekwisha kutoweka. Tena baadhi ya wazee hao hao waliambiwa na baba zao kwamba gitaa la umeme linaua ngoma.