Mbwa hajui Bonane

Kila mwaka, usiku wa tarehe 31 Desemba kuamkia Bonane, vijana wetu wanapenda kushangilia na makelele. Wanapiga mabati, wanalipua petardi hata karibu na milango ya watu. Hatusemi kwamba furaha ni mbaya. Lakini tunajiuliza: tuko na deni gani kwa yule anayesikia makelele yetu bila kujua sababu yake?

Swali hili lilitukuta nyumbani kwetu. Bonane moja mbwa wetu alikata kamba, akapotea gizani. Tulimpata asubuhi, shingo imechubuka, tukamchapa fimbo tukisema ni mwoga. Lakini usiku ule ule tulikuwa tumemkuta mama mzee, jirani yetu, amesimama mlangoni na kifurushi kichwani. Alituuliza: «Mwalimu, wamefika?» Tukamjibu: «Hapana mama, ni watoto tu, ni Bonane.»

Huyo mama hakuna aliyemwita mwoga. Sote tunajua kwamba katika Aprili 2009 waasi wa FDLR walichoma nyumba hapa Luofu, na watoto walikufa ndani ya moto. Tena katika Juni 2024 vita ilifika Kanyabayonga, na watu wengi wakakimbia. Kwa mtu aliyepita katika mambo hayo, petardi na sasi ni mlio moja.

Mama alipoelezwa, alitua kifurushi chake akarudi kulala. Lakini mbwa utamweleza kwa lugha gani? Yeye hana kalenda. Masikio ya mtu yanaishia karibu hertzi 20.000, ya mbwa yanapita 40.000. Kuko sauti nyingi anazosikia ambazo sisi hatuzijui hata kidogo.

Wengine watasema: «Watu wenyewe wanateseka, na ninyi mnatuletea mambo ya mbwa?» Neno hilo lina uzito. Lakini tuangalie vizuri. Mnyama wa pori akisikia kishindo anakimbia mbali, anajiokoa. Wa kwetu tumemfunga kamba ili atulinde usiku. Mbuzi tunamfungia ndani juu ya mahari, kobayi tunawaweka jikoni juu ya minervali ya watoto. Tumewanyima njia ya kukimbia; kwa hiyo usalama wao unakuwa kazi yetu. Tena, kumhurumia mbwa hakumnyimi mama yule kitu: kelele ikipungua, wote wawili wanalala.

Wazee wetu nao walipiga ngoma. Lakini ngoma ilikuwa na ujumbe wake, ya arusi au ya matanga, na aliyesikia alijua ni nini. Petardi haielezi kitu.

Basi tufanye namna gani? Siku hiyo mbwa apewe chakula mapema, na mbele ya giza aingizwe ndani ya nyumba. Asiachwe na kamba shingoni, sababu akiruka kwa hofu inaweza kumnyonga. Mlango ufungwe, redio iimbe polepole. Kuku na mbuzi wafungiwe mapema. Kobayi wafunikwe kitenge upande moja, hewa ipite, na moshi wa jikoni usiwazidi. Mnyama akitetemeka, tukae karibu naye, tusimpige: fimbo inaongeza hofu juu ya hofu.

Na ninyi vijana, wanafunzi wetu, hatuwakatazi kuimba na kucheza. Petardi tunawaomba muziache. Kama mnataka kupiga ngoma na mabati, muchague fasi moja mbali na nyumba, na saa moja tu, na mchana mupite mlango kwa mlango kuwajulisha watu, mukianza na wazee na wakimbizi.

Sisi mbwa wetu hatukumwomba msamaha, sababu hangetuelewa. Lakini tangu mwaka ule analala ndani usiku wa Bonane, na mama jirani tunamjulisha mbele ya jua kushuka.