Dhahabu na Jembe katika Nchi ya Iramba

Liko neno ambalo husikika mara kwa mara pale Misigiri, mahali ambapo barabara ya Singida na Nzega huipokea njia ya Kiomboi. Vijana husema, "Jembe halimtoi mtu; dhahabu humtoa." Wazee hujibu kwamba dhahabu hailiwi. Maneno yote mawili yana ukweli, na kwa sababu hiyo hayatoshi. Yafaa tuulize hivi: mali itokapo katika nchi, ni nani aliyeitoa, na ni nani anayedaiwa?

Tuanze na Sekenke, chini ya mteremko, ukingoni mwa mbuga ya Wembere. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1909, wakati wa utawala wa Wadachi, na mgodi ukafunguliwa. Vita vilipokuja, na meli zisiweze kuleta fedha kutoka Ulaya, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora. Huko, mwaka 1916, katika karakana ya reli, zilipigwa sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000, zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo zimo katika makabati ya wakusanyaji wa nchi za mbali, nao huuziana kwa bei kubwa sana.

Lakini vita vile vile vilitwaa na vitu ambavyo havikupigwa chapa. Majeshi yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Katika nchi ya jirani, Ugogo, mambo hayo pamoja na ukosefu wa mvua yalizaa njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Hakuna kabati lililohifadhi uwele ulioliwa na askari. Kazi iachayo kitu king'aacho hukumbukwa. Kazi iliyolisha watu husahauliwa siku ile ile chungu kioshwapo.

Wala si kusahauliwa tu. Fikirini habari za mshahara. Serikali ya Kidachi ilianza kudai kodi ya nyumba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na Waingereza waliofuata wakaendelea kutoza. Kodi yataka fedha, na fedha ilikuwa migodini na katika mashamba ya mkonge. Basi mwanamume akaenda. Alipewa ujira wa kumtosha yeye peke yake, kwa hesabu kwamba mkewe na watoto wake wanalishwa na shamba la nyumbani. Yule mke aliyebaki, akilima, akipalilia, akitwanga, na kumwuguza mumewe arudipo mgonjwa, alikuwa akilipa ile sehemu ya mshahara ambayo mwenye mgodi hakuilipa. Jina lake halikuwamo katika daftari la kazi. Mimi nasema alikuwa mfanyakazi wa mgodi sawasawa na mumewe, ingawa pengine hakuuona mgodi huo hata siku moja.

Mtu aweza kunipinga: "Je, Mchungaji, wataka vijana wote warudi kwenye jembe?" Sivyo. Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja tu, nayo hudanganya. Mwaka ambao mvua imekatika mapema, kijana anayeshuka Sekenke kuponda mbale hakimbii kazi, bali aitafuta. Luther alifundisha kwamba mkulima na fundi viatu wana wito wao kama kasisi alivyo na wake. Sioni kwa nini mchimbaji aondolewe katika hesabu hiyo. Kosa si kuchimba. Kosa ni hesabu inayoanzia shimoni na kuishia shimoni, kana kwamba yeye ashukaye amezaliwa ameshiba.

Hata reli yatufundisha habari hii. Katika miaka ya 1930 ilijengwa njia ya reli kutoka Manyoni, kupita Singida, hadi Kinyangiri. Katika miaka ya 1940 reli zikang'olewa, kwa maana mizigo haikulipa gharama. Nchi ilipimwa kwa kile inachopeleka nje, ikaonekana nyepesi. Watu waliokuwa wakilishana humo hawakuwekwa katika mizani.

Siku hizi alizeti imeleta jambo jipya. Mbegu hukamuliwa mkoani humu humu, mafuta huuzwa, na mashudu hulisha mifugo. Kiwanda na shamba vimekaribiana, jambo ambalo Sekenke haikuliweza. Nafurahi, ila furaha yangu ina kiasi. Maana tazameni vitunguu vinavyotoka Singida kwa malori, na gunia lile liitwalo lumbesa, lililoongezwa kichwa kikubwa juu ya mdomo wake na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo yaikataza lumbesa. Lakini mnunuzi huitaka, na mkulima mwenye deni la mbegu hukubali, kwa sababu kitunguu kikioza hakina sheria. Gunia lahesabiwa moja. Kile kichwa hakilipwi.

Kijana asemaye kwamba jembe halimtoi mtu na aende akakipime kichwa hicho kwa kilo, msimu mzima, gunia kwa gunia, kisha amwulize mama yake kilikwenda kwa nani.