Mpaka wa Mfumo

Laini ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyokamilika mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Inapeleka nguvu ya mto Kongo kwenye migodi ya shaba, ikipita juu ya vijiji vinavyowasha koroboi.

Kihandisi ni kazi kubwa. Je, ni ya haki?

Profesa C. West Churchman, mwanafalsafa aliyefundisha sayansi ya mifumo Berkeley, Marekani, alisisitiza swali la aina hiyo: mfumo unamtumikia nani? Anayechora mpaka wake anaamua nani ahesabiwe, na huo ni uamuzi wa kimaadili hata ukivikwa hesabu.

Wahandisi hujibu, kwa kweli kabisa, kwamba kuushusha umeme huo njiani kunahitaji kituo cha kubadilisha umeme, ambacho ni ghali mno. Ghali kuliko miongo ya giza?