Uso Ule Ule

Helo ni msaliti au si msaliti? Pale Nsambya, kwenye chumba tunachokusanyika Jumamosi jioni kutazama sirizi kutoka kwenye flashi, swali hilo limetukosanisha kuliko siasa. Papa mmoja wa Uvira alisema mtu yule angetupwa nje ya chombo mapema, bila kesi. Dada mmoja akamjibu kwamba katika wanaume wote wa Battlestar Galactica, Helo ndiye peke yake ambaye angempeleka nyumbani kwa mama yake. Kwa wiki mbili hawakusalimiana.

Kwa ndugu zetu walioko Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja ambao hawajaiona, nieleze kifupi, na mnisamehe maana nitawaharibia mwisho. Tamthilia hii ilianza mwaka 2003 ikaisha 2009. (Kuna nyingine ya zamani yenye jina hilo hilo, ya 1978, siisemi hiyo.) Binadamu wanaishi kwenye sayari kumi na mbili. Walitengeneza roboti wa kuwatumikia, wakawaita Cylon. Roboti wakaasi, vita vikapiganwa, halafu miaka arobaini ya kimya. Siku moja wakarudi na mabomu ya nyuklia, mabilioni ya watu wakafa. Waliopona ni kama elfu hamsini, wamejazana kwenye meli za angani zisizo na pa kwenda, zinalindwa na manowari moja kuukuu inayoitwa Galactica. Na Cylon wa siku hizi si vyuma tena. Wana nyama na damu, wanalia, wanapenda. Ila sura zao ni kumi na mbili tu, na nyingi kati ya sura hizo zina nakala nyingi sana. Mmoja akiuawa, fahamu zake zinahamia mwili mwingine wenye uso ule ule.

Kampala ni mji wa VJ. Filamu ya Marekani haijaingia kibandani sawasawa mpaka VJ Jingo, VJ Junior au mwingine wa kazi hiyo aisimulie kwa Kiluganda na kuitia chumvi. Sisi hii tuliitazama kwa Kiingereza, kijana wetu mmoja akiisimamisha kila mara na kueleza kwa Kiswahili cha Bukavu. Kwa hiyo kwetu majemadari wote wa angani wanagombana kama watu wa soko la Kadutu, na nadhani inawafaa.

Mimi nilishikwa na ubao. Rais wao, Laura Roslin, alikuwa waziri wa elimu, mtu wa arobaini na tatu katika orodha ya kurithi madaraka. Wakubwa wote waliomtangulia wamekufa, naye ana kansa ya titi. Ana ubao mweupe ofisini anapoandika idadi ya watu waliobaki. Kila wakishambuliwa anafuta, anapunguza. Katika kipindi cha kwanza cha msimu wa kwanza Cylon wanawafuata kila baada ya dakika 33, siku tano hakuna aliyelala, na mwishoni mama anarudi kwenye ubao kuongeza mmoja, juu mtoto amezaliwa. Mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni akingoja jina lake lisomwe hahitaji kuelezwa ubao ule ni nini. Wakubwa pia waliona kitu. Tarehe 17 Machi 2009 Umoja wa Mataifa, pale New York, uliwaita waigizaji na watengenezaji wa tamthilia hii kuzungumza juu ya haki za binadamu, watoto katika vita na maridhiano.

Sasa tuje kwenye mapenzi.

Watu wanasahau kwamba dunia ile iliangamizwa kwa njia ya mapenzi. Mwanasayansi Gaius Baltar alimpenda mwanamke mrembo, akamfungulia kompyuta za ulinzi wa taifa. Mwanamke alikuwa Cylon. Wazee wetu wanaoogopa mapenzi ya kuvuka mpaka wana ushahidi tangu kipindi cha kwanza, na si haki kuwacheka.

Helo, jina lake kamili Karl Agathon, ni ofisa wa jeshi. Siku ya maangamizi alitoa nafasi yake kwenye chombo cha mwisho, akampa Baltar huyo huyo, yeye akabaki kwenye sayari iliyoungua. Anakuja kuokolewa na Sharon, rubani wa kikosi chake. Wanakimbia pamoja msituni, wanapendana, anapata mimba. Ndipo Helo anagundua kwamba Sharon wake ni nakala. Sharon anayemjua yuko Galactica, naye ni Cylon bila mwenyewe kujua, na mwisho wa msimu wa kwanza atampiga Kamanda Adama risasi mbili za kifuani. Uso mmoja. Mmoja amebeba mtoto wa Helo, mwingine amemwaga damu ya baba wa jeshi zima.

Helo kwanza anampiga risasi ya bega. Halafu anabaki naye. Akirudi kwa watu wake anasema maneno ambayo kila mtu mwenye mapenzi ya namna hii anayasema: huyu si kama wale.

Hapo ndipo chumba chetu kilipogawanyika, na sababu haikuwa roboti. Mwaka huu binti mmoja wa jumuiya yetu amechumbiwa na kijana wa upande ule mwingine. Sitaji makabila yao. Msomaji wa Kivu atakisia, na akikosea haitabadilisha neno katika haya ninayoandika. Wako hapa wanaohesabu kuanzia Makobola, kuelekea mwaka mpya wa 1999. Wako wanaohesabu kuanzia Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliouawa ndani ya kambi. Kila upande una tarehe zake na kila upande hautaki kusikia tarehe za mwingine. Wazee walikataa kukaa kikao cha mahari. Shangazi yake binti alisema, "Ule mutoto ni muzuri, siwezi kukataa. Lakini nikimuona yeye, naona bengine." Binti akajibu kama Helo: yeye si kama wale.

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Inaonekana ni utetezi, na kwa kijana yule ni utetezi kweli. Lakini sikiliza vizuri. Ukisema huyu si kama wale, umeshakubali kwamba wale wako hivyo. Umemtoa mmoja kwenye nyumba inayoungua na kufunga mlango nyuma yake. Kaka zake kijana, mama yake, watoto wa majirani zao, wote wamebaki ndani na hukumu ile ile. Hata kijana mwenyewe amepewa kibali cha muda tu, kama karatasi ya ofisini: siku akikosea kidogo, akigombana na mkewe kwa sauti, watu watasema ndiyo, damu imejionyesha.

Ndiyo maana kipindi ninachokipenda si kile cha harusi wala cha busu. Ni kile cha msimu wa tatu ambapo Cylon wameshikwa na ugonjwa. Binadamu wana wafungwa wachache wagonjwa, na wanagundua njia. Wakiwaua karibu na meli ambako Cylon hufufuka, ugonjwa utasambaa kwa miili mipya na kumaliza taifa lote. Rais anatoa amri. Mkewe Helo hana hatari, mimba ilimpa kinga. Kwa hiyo mapenzi yake hayatishiwi na chochote. Mtu wake yuko salama, na hao wengine walichoma sayari kumi na mbili. Helo anakwenda kuharibu mpango: anakata hewa kwenye chumba cha wafungwa, wanakufa mapema, kabla ya kufika mahali penyewe.

Papa wa Uvira alipiga meza. "Unaona? Mwanamke alimugeuza." Lakini mwanamke alikuwa amesema atatimiza kiapo chake cha jeshi hata wakiuawa watu wake wote. Hakumwomba mumewe kitu. Na mikono ya Helo haikutoka safi, wafungwa wale aliwaua yeye. Kwangu mimi kipindi kile ndicho kinaonyesha mapenzi yake yana thamani gani, juu yanamfanya awatendee haki watu asiowapenda. Kumpenda mmoja peke yake si kazi ngumu, hata wauaji wana wake zao wanaowapikia.

Tamthilia yenyewe inaonyesha upande huo mwingine, kwa Ellen, mke wa Kanali Tigh. Binadamu wamejaribu kutulia kwenye sayari moja, wanaishi kwenye mahema na matope (hapo chumba chetu kilicheka, kisha kikanyamaza), Cylon wanakuja kuwatawala. Ellen anatoa siri za wapiganaji ili mumewe asiuawe. Tigh mwenyewe anampa kikombe chenye sumu, anamkumbatia mpaka anakufa. Mama mmoja alitoka nje, hakurudi siku ile. Ellen alimpenda mume wake kuliko mtu yeyote katika tamthilia nzima, sina shaka, na kwa ajili ya mmoja huyo wengine wote waligeuka bei ya kulipa. Kuna watu tunaowajua waliofanya hivyo, vijijini kwetu, wakati wa vita. Sidhani tunajua bado tuwaweke wapi.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi, na wapenzi wa Helo hawapendi nilitaje. Msimu wa mwisho Sharon yule wa kwanza, aliyempiga Adama, anamfunga mke wa Helo chooni, anavaa nguo zake, na Helo analala naye bila kutambua. Mtu aliyeweka maisha yake yote juu ya "huyu, si wale" hakuweza kumjua huyu! Mkewe alikasirika kupita kiasi, na wanawake wa chumba chetu walikasirika pamoja naye. Walisema mapenzi ya kweli yangejua. Mimi nasema hapana. Jicho la mapenzi linachoka, linaona linachotaka kuona, usiku linakosea. Kama usalama wa mtu mwenye uso unaochukiwa unategemea jicho hilo peke yake, yaani awepo anayempenda ili asipigwe, basi hana usalama.

Kwa hiyo anayenifundisha zaidi ni Adama, ambaye hakuwa na mapenzi na mtu yule. Ana makovu mawili kifuani kutoka kwa uso ule. Mara ya kwanza anapomwona huyu wa pili anamrukia kooni kwa mikono yake. Baadaye anashuka kwenye seli kuzungumza naye, anakwenda tena, muda unapita. Mwishoni anamwapisha awe ofisa wa jeshi. Hakuna mahali anaposema amesahau, wala hatwambii kwamba Cylon ni wema. Alifanya kazi ndogo iliyo ngumu sana, ya kuangalia uso ule na kuuliza: wewe umefanya nini, wewe mwenyewe?

Hapa nina neno kwa wafanyakazi wa misaada wanaosoma jarida letu. Kuna kipindi ambacho Helo anapewa kazi yenu: kusimamia raia waliojazana chini ya manowari, mahali panapoitwa kwa dharau mji wa mbwa. Watu wa sayari moja, Sagittaron, wanachukiwa kwa kukataa dawa. Anagundua wanakufa mikononi mwa daktari, tena wamekufa kwa kuuawa. Akilalamika anaambiwa amechoka, halafu anaambiwa anapenda wanyonge juu ya mke wake. Nawaomba mkitazame kipindi hicho. Kwetu mtu akikaa kwenye benchi akisubiri mahojiano, kabla ya swali lolote anaangalia uso wa mkalimani. Akiona ni wa upande ule, nusu ya habari yake anaimeza. Ninyi mnaandika kwamba maelezo yake hayajakamilika. Mkalimani naye huenda ni mtu safi kabisa, anaumizwa na woga ule kila siku, na hakuna aliyemuuliza.

Simwambii shangazi yule asamehe. Hakuna mwenye haki ya kumwambia, hata padri, hata mtu wa semina ya maridhiano mwenye karatasi kubwa ukutani na soda za mapumziko. Amezika, na wengine hakupata hata wa kuzika. Ana haki ya kutokwenda harusini. Ana haki ya kuona bengine kila akimwona kijana yule, macho hayaamrishwi. Lakini kikao cha mahari si macho ya mtu mmoja. Wazee wanapokaa wanahukumu, na kijana yule wakati wa mambo yale alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wamuulize anakaa wapi, anafanya kazi gani, anakunywa kiasi gani, aliwahi kuwa na mke. Wamuulize mpaka jasho limtoke, kama wanavyowauliza wengine wote.

Na binti naye nimemwomba kitu, wakati tukiosha vikombe. Asiseme tena kwamba yeye si kama wale. Akauliza aseme nini sasa. Nikamwambia ataje jina lake na kazi yake, aseme ni fundi wa simu pale Katwe, ana wadogo zake watatu anaowalipia shule, aishie hapo. Alisema wazee watacheka. Mahari itazungumzwa tena, au itakataliwa tena, baada ya mvua hizi, yule mjomba mkubwa akishafika kutoka Kyaka.