Askari Akiondoka, Ni Nani Anabaki Akitawala?

Tangu tuanze kusoma kitabu cha Waamuzi, vijana wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Pasta, siku serikali ikiondoka, polisi waende na korti zifungwe, tutabaki watu kweli ama tutararuana kama wanyama?" Ni swali zuri, na halitaki jibu la haraka.

Wengi hujibu kwamba tutararuana. Mwaka wa 1954 Mwingereza William Golding, mwalimu aliyekuwa amepigana baharini katika Vita vya Pili vya Dunia, alitoa hadithi ya Lord of the Flies. Wavulana wa shule wanajikuta kisiwani bila mtu mzima. Mwanzoni wanachagua kiongozi na kuwasha moto ili meli iwaone. Kabla hadithi iishe, wameanza kuuana.

Mwaka wa 1971, profesa Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitengeneza jela ya kuigiza katika orofa ya chini ya jengo la chuo. Vijana wengine wakawa wafungwa, wengine walinzi. Jaribio lilipangiwa wiki mbili, likasimamishwa baada ya siku 6 kwa sababu walinzi walikuwa wakiwatesa wenzao. Dunia ikasema, mnaona? Mtu ukimwachilia, mnyama anatoka.

Lakini ngoja kidogo. Golding alibuni hadithi yake. Na kuhusu jela ya Stanford, miaka mingi baadaye rekodi za sauti zilionyesha mlinzi mmoja aliyekuwa mpole akihimizwa awe mkali zaidi. Kumbe hawakuachwa bila sheria. Walipewa sheria mpya, na aliyewapa alikuwa mkubwa wao.

Sasa sikieni kisa ambacho hakikubuniwa. Mwaka wa 1965, wavulana 6 wa shule kutoka Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, walichukua mashua ya mtu bila ruhusa. Dhoruba ikaivunja, wakatupwa kwenye kisiwa cha Ata ambacho hakikuwa na watu. Walikaa huko zaidi ya mwaka, mpaka nahodha Peter Warner kutoka Australia alipowapata mwaka wa 1966. Aliwakuta wana shamba, wana moto ambao hawakuuacha uzime, na wana zamu za kazi. Mmoja wao alivunjika mguu, wenzake wakamfunga mpaka ukapona. Waliokosana walitengana mpaka hasira ishuke. Na siku yao waliianza na kuimaliza kwa wimbo na maombi.

Hawakuwa malaika, mashua si waliiba? Mwenyewe hata aliwashtaki waliporudi! Lakini kwa vile hapakuwa na sheria kisiwani, walijiwekea zao, na zilikuwa sheria za kulindana.

Hapa ndipo ninapoona jibu. Hakuna mahali pasipo na sheria. Sheria moja ikiondoka, nyingine inakalia kiti chake siku hiyo hiyo. Israeli ya Waamuzi haikukosa Torati, ilikuwa nayo tangu Sinai. Lakini katika sura ya 17, Mika anajitengenezea nyumba ya miungu, kisha anamwajiri Mlawi awe kuhani wake kwa vipande 10 vya fedha kwa mwaka, nguo na chakula. Tatizo lao halikuwa kukosa dini. Kila mtu alikuwa amejitungia yake na kuitafutia mhubiri wa kuibariki.

Nasi Kenya tunajua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa watu wakiwa wamejificha ndani. Tunapenda kusema "shetani aliwapitia." Lakini Tume ya Jaji Philip Waki ilieleza kwamba kuna mahali ghasia zilizuka zenyewe, na kuna mahali zilipangwa. Sheria ya nchi iliponyamaza, nyingine ilisema: huyu ni wetu, huyu si wetu. Na wako waliokataa kuitii, wakawaficha majirani wa kabila lingine nyumbani kwao. Hao walikuwa katika nchi ile ile, usiku ule ule, na polisi hakuna. Ni nini kilichowatawala? Paulo katika Warumi 2 anasema kuna sheria iliyoandikwa moyoni.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma. Tulifundishwa kwamba anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika vitabu. Ni jambo zuri, ndiyo maana hata sadaka haihesabiwi na mtu mmoja. Lakini siku wale wawili wakikubaliana kuiba, vitabu vitasoma sawa kabisa. Taratibu zote za nje mwisho wake ni hapo, kwa kile watu wamekubaliana mioyoni. Sisemi sheria na polisi hawana maana, tunawahitaji sana. Nasema hawatoshi.

Kwa hivyo, mpendwa, usingoje siku ya giza ndipo uamue wewe ni nani. Hiyo siku utafanya ulichozoea, ama utamfuata mwenye sauti kubwa. Hii wiki kaa na watu wa nyumba yako mkubaliane sasa. Pesa ya mtu ikiingia kwa simu yetu kimakosa, tutafanya nini? Lori la mizigo likianguka barabarani, tutakimbilia dereva ama magunia? Kundi la WhatsApp la ukoo likianza kutukana kabila lingine, nani kati yetu ataandika "hapana"? Na wakati wa uchaguzi, jirani akibisha usiku, mlango utafunguliwa? Watoto wasikie majibu yenu.

Bwana aandike sheria yake ndani yetu kabla hatujaihitaji.