Siku ya Maabara Usiwe Zhanxi

Kila Aprili na Oktoba, maonyesho ya biashara ya Canton yanapofunguliwa, simu za wanafunzi wetu haziishi kuita. Mfanyabiashara kashuka kutoka Dar au Mombasa, kafikia hoteli hapa Zhanxi, Guangzhou, karibu na stesheni ya treni, anataka mtu wa kumpeleka kwenye viatu, nguo na saa, amsemee Kichina, ampigie bei, amfikishe mpaka ghala la kago kama letu. Malipo taslimu, jioni ile ile. Sikulaumu kwa kuipenda hela hiyo, mwanangu. Najua ada inavyobana. Ninachokuonya ni kile inachokula.

Bayomedika unayosomea haisomwi kwa kuazima daftari la mwenzako. Chukua kipimo kimoja tu, cha kujua dawa gani inaua bakteria gani. Unawapanda kwenye sahani, unaweka vikaratasi vidogo vyenye dawa, unaitia kwenye joto la nyuzi 35, kisha unarudi baada ya saa 16 hadi 18 kupima kipenyo cha duara ambamo hawakuota. Ukirudi keshokutwa kwa sababu mama wa Kariakoo alikuwa hajamaliza mabegi, vipimo hivyo havifai tena. Bakteria hawajui kwamba mteja ana ndege usiku. Na mkono uliokosa kushika pipeti mwaka wa pili utaonekana mwaka wa nne, mbele ya sampuli ya damu ya mgonjwa halisi.

Halafu kuna sheria, ambayo vijana mnaichukulia kama hadithi. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu 1 Julai 2013, inamhesabu mwanafunzi anayefanya kazi nje ya utaratibu aliowekewa kuwa ameajiriwa kinyume cha sheria. Faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unaongezewa kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Kibali cha kufanya kazi za muda kinaombwa kupitia chuo. Kiombe. Mfanyabiashara unayemkalimania hatakulipia faini. Atatafuta mwanafunzi mwingine.

Nyumbani najua wameshakuita daktari. Waeleze mapema, kabla hawajakuchinjia mbuzi, kwamba shahada hii peke yake haikupi leseni ya kutibu. Tanzania wataalamu wa maabara za afya wana baraza lao, madaktari wana lao. Waandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) sasa hivi uulize shahada ya chuo chako inatambuliwaje. Mkenya aiulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na bodi ya wataalamu wa maabara kama anataka kukaa kwenye darubini. Usingoje siku ya kushuka na cheti.

Wala usidhani nakuambia udaktari ndio mkubwa. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria imetokana na kazi ya watu wa maabara: Tu Youyou alipata Nobeli mwaka 2015 kwa artemisinini, na hakuwahi kusomea shahada ya uzamivu. Tena hapa hapa Guangzhou, Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina, kundi la Li Guoqiao lilipeleka dawa ya aina hiyo Komoro, likaanza na kisiwa cha Mwali mwaka 2007, likaigawa kisiwa kizima, wazima na wagonjwa. Wapo waliojadili sana kama ni sawa kumpa dawa asiyeumwa, na mjadala huo ni wa kwenu nyinyi mnaosoma, si wetu sisi wa makasha. Mimi nataka siku moja anayeujadili awe mtu wa pwani aliyezihesabu slaidi mwenyewe.

Njaa ikikubana, njoo ghalani Jumapili, ugali upo. Lakini siku ya maabara nikikupigia nikuombe unikalimanie mteja, hata mimi, usipokee.