Deni la Muanzishaji

Mwimbaji wa opera hufunzwa miaka mingi ili koo lake, bila ya kipaza sauti, lijaze ukumbi na kupita juu ya zana zote zinazopigwa. Nyuma yake husimama kundi la waitikiaji ambao majina yao aghalabu hayasomwi na mtu. Ndiyo ada ya kazi ile, wala haimuumi yeyote. Lakini ada hiyo ikihamishiwa Ugogo huzusha suali: sauti ya mwimbaji ni mali yake peke yake?

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa Dodoma mwaka 1938, katika nyanda kavu za wafugaji, ambako sauti huzoea kwenda mbali kwa kuwa hapana ukuta wa kuirudisha. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na hatimaye akafanya makao Bagamoyo, penye Chuo cha Sanaa. Koo lile lilishuka hadi kwenye mngurumo, likapanda hadi kwenye wembamba wa sauti ya kike. Nalo, pamoja na ilimba na zeze, lilimfikisha Ulaya na kwengineko. Mwaka 1996 ilitoka Uingereza albamu yake, Chibite. Msomaji wa visiwani hatakosa kumkumbuka Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyefika Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake kwenye santuri.

Hata hivyo, uimbaji wa Wagogo aghalabu si wa upweke. Mizani ya muziki wao imejengwa juu ya zile sauti nyembamba zinazozaliwa ndani ya mlio wa uzi mmoja. Mmoja akianzisha, wenziwe hushika sauti ambazo tayari zimo ndani ya ile ya kwanza. Muitikiaji basi si pambo: yeye hudhihirisha kilichositirika katika koo la muanzishaji, na bila yake muanzishaji mwenyewe hasikiki kamili.

Yumkini Hukwe alilijua hilo kuliko waliomshangilia. Hakusafiri peke yake. Charles Zawose, wa ukoo wake, aliimba naye, na nyumba nzima ya Bagamoyo ilikuwa kundi moja. Bali soko hutaka jina moja, na ubao wa tangazo ni mdogo. Si kosa lake. Deni, hata hivyo, huweza kumkaa mtu pasipo kosa, na hili lilielekea hasa kwa wanawake, ambao Ugogo wanasifika kwa ngoma ya muheme, ibanwayo mapajani.

Hukwe alifariki tarehe 30 Disemba 2003. Pendo, bintiye, na Leah, mjukuu wake, waliendelea kwa miaka mingi kuitikia katika kundi la ukoo. Mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha, wakijiita The Zawose Queens. Humo wao ndio wanaoanzisha.